Mkunga wa Kwenye Kibendera

Aliyenieleza kwa mara ya kwanza kwa nini golikipa hatakiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake hakuwa mwalimu wa michezo wala mtangazaji wa redio. Alikuwa mkunga. Tulikuwa nyuma ya zahanati ya Makote tukichemsha mikasi, na sheria yenyewe ilikuwa bado mbichi. Wanaume wa pale dukani walikuwa wameilaani wiki nzima. Yeye aliikubali siku ileile aliyoisikia.

"Nesi," aliniambia, "kitu kikishatoka hakirudi. Ntoto akishachungulia nje, utamwambia arudi ndani kwa sababu umeogopa?"

Hivyo ndivyo alivyotamka, ntoto, nkono, nchezaji, kama wasemavyo wengi wa huko juu Newala. Nilicheka mpaka mkasi ukaniponyoka. Wakati huo nilikuwa msichana kutoka Chidya, nimetoka chuo na cheti changu, na sikujua hata timu ina wachezaji wangapi. Serikali ilikuwa imenituma nimfundishe yeye na wakunga wenzake wa jadi kuvaa glavu na kutumia wembe mpya. Nilimfundisha, naye akanifundisha kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya kwa viganja viwili na uvumilivu. Lakini kilichotuweka pamoja miaka yote ile, nikisema kweli, ni mpira.

Jina lake sitalitaja. Watu wazima walimwita Mkunga, wadogo walimwita Bibi, na wachezaji wa timu ya kiwanda cha korosho walimwita Bibi kwa heshima ya pekee, maana zaidi ya nusu yao aliwapokea kwa mikono yake. Hakuacha kuwakumbusha. Beki akikosea, ungemsikia toka ng'ambo ya uwanja: "Hata kuzaliwa ulichelewa, wewe!"

Hakukaa kamwe kutazama mechi. Alisimama kwenye kibendera cha kona, upande ambao timu yetu inashambulia, na mapumziko yakiisha alihama na kwenda kona ya pili, kanga ameifunga kiunoni. Nilimuuliza kwa nini asikae kwenye viti vya mbele kama wake za wakubwa. Akasema anayezaa ndiye anayelala, mkunga hasinzii. Goli likiingia watu wote waliruka, yeye akabaki kimya anamtazama refa. Mpaka mpira uwekwe katikati na filimbi ilie, ndipo alipopiga kigelegele. "Ntoto ni pale anapolia," alisema. "Kabla ya hapo usiwaambie watu kitu." Nimeona magoli matatu yakikataliwa katika maisha yangu ya ushabiki, na mara zote tatu yeye peke yake hakuwa ameaibika.

Kwenda kwenye mechi Newala alipanda lori la kiwanda pamoja na wachezaji. Kurudi kulitegemea matokeo. Wakishinda alirudi na lori akiongoza nyimbo. Wakifungwa alirudi kwa miguu, peke yake, na hakuna dereva aliyethubutu kusimamisha gari kumbembeleza.

Alikuwa na maoni kuhusu kila kitu. Matuta ya penalti aliyachukia: "Mmesumbuka uchungu saa mbili, halafu mnamaliza kwa kurusha sarafu." Nilimweleza kwamba matuta si kurusha sarafu, ni ufundi. Akasema ufundi wa kumpiga mtu aliyesimama. Mchezaji wa akiba aliyeingia na kufunga hakumpa sifa zote. Alisema huyo amekuta njia imeshafunguliwa na wenzake. Jezi zilipoanza kuandikwa majina mgongoni aliuliza ni nani tena hapa ambaye mama yake hamjui.

Lakini jambo lililomkaa rohoni kuliko yote lilikuwa kulipwa.

Ili kumwelewa ni lazima ujue habari ya maji. Huko juu maji ni ya kufuatwa bondeni, na kiangazi ndoo moja ni safari ya asubuhi nzima, kushuka ukiimba na kupanda ukiwa huna la kusema. Jezi za timu zilifuliwa kwa maji hayo. Wanawake walipangiana zamu, na zamu ilipomfikia mtu hakuna aliyenung'unika, ingawa nyumbani kwake watoto waliweza kulala bila kuoga. Mkunga ndiye aliyesimamia zamu hizo. Kwa hiyo mazungumzo ya soka la kulipwa yalipoanza, soko lilipofunguliwa na kila mwenye uwezo akawa ananunua korosho, anauza mitumba na anaanzisha timu, yeye aliuliza swali moja ambalo sikuwahi kusikia mtu akilijibu.

"Nchezaji akilipwa, aliyefua analipwa na nani?"

Wanaume walicheka. Mwenyekiti wa timu alimwambia, "Bibi, mpira ni kazi sasa, dunia imebadilika." Akajibu kwamba kufua kulikuwa kazi tangu zamani na dunia haikubadilika. Alisema timu ni ya aliyeifua, na siku ikiwa ya aliyeilipa, wanawake wataweka ndoo chini na tuone jezi zitakuwa na rangi gani.

Msidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Wachezaji wa kiwanda walikuwa wameandikishwa kama wabangua korosho na kila mwezi walipokea mshahara, na kubangua hawakubangua hata punje. Nikamchokoza: "Bibi, si wanalipwa hao?" Akasema wanalipwa kwa kubangua. "Mbona hawabangui?" "Wanabangua uwanjani." Na yeye mwenyewe, tulipomwita kwenye semina za wakunga pale wilayani, posho aliipokea mbele kabisa ya foleni. Nilipomtazama akasema, "Hii si malipo, ni nauli," ingawa alikuwa amepanda gari la zahanati. Redio yake ndogo aliifunga kwa mpira wa baiskeli na kila Jumamosi alisikiliza timu za mjini, zilizojaa hao hao wa kulipwa, akiwataja wachezaji kama watoto wa jirani. Nilimpenda kwa hayo pia. Mtu asiyejipinga mwenyewe huwa anachosha.

Sasa nifike kwa Hamisi, maana huko ndiko nilikokuwa nakwepa.

Hamisi alikuwa winga wa kushoto wa timu ya kiwanda, na alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Alizaliwa akitanguliza miguu. Wengine wangeona mkosi. Mkunga alitangaza siku hiyohiyo kwamba huyu atakuwa mchezaji, kwa sababu ameingia duniani kama mtu anayeingia uwanjani. Binti yake hakuamka tena baada ya uzazi ule. Hilo alinisimulia mara moja tu, akiwa amenipa kisogo anachambua ming'oko, vile viazi vya porini, na sikumuuliza zaidi, mimi ambaye mama yangu alisema nitachungulia hata kaburi langu mwenyewe. Alimlea Hamisi peke yake. Nimewaona wachezaji wengi tangu hapo, hata kwenye televisheni, na bado nasema sijaona mtu aliyekimbia na mpira kama yule. Mpira ulimfuata tu, bila kushurutishwa.

Tena kulikuwa na desturi, nayo ni lazima niieleze. Mtoto akitimiza siku arobaini, wenye mtoto huenda kwa mkunga na mche wa sabuni na doti ya kanga, wakammwagia maji mikononi. Huko ndiko kumnawisha mkunga. Kabla ya hapo mtoto ni kama bado yumo mikononi mwake. Fedha haiingii: ukimpa mkunga fedha, umemnunua mtoto. Na mkunga haombi. Wenye mtoto wakisahau mwaka mzima, atanyamaza mwaka mzima, maana akiomba sabuni ni aibu kama kumdai mtoto wa watu. Kwa watoto wote wa Makote alinawishwa. Kwa Hamisi hakunawishwa, kwa kuwa aliyepaswa kwenda kumnawisha alikuwa kaburini, na hivyo kwake kijana yule alikuwa bado yumo mikononi mwake.

Siku moja asubuhi alikuja mjumbe wa timu moja ya wafanyabiashara wa pwani. Alikuwa kijana mstaarabu, suruali ina pasi, anampa shikamoo kila mtu. Alimtaka Hamisi. Alikuwa ameshaenda kwa mjomba wa Hamisi, ambaye kwa desturi zetu ndiye mwenye neno, na mjomba akasema yeye hana neno mbele ya mama yake. Akamwelekeza kwa Mkunga. Mimi nilikuwepo, nimempelekea glavu. Hamisi alisimama kwenye nguzo ya mlango, njumu zake amezifunga kamba na kuzitundika begani, kana kwamba gari linanguruma nje.

Mjumbe alieleza vizuri. Atalipwa kila mwezi, atakaa nyumba ya timu, akiumia atatibiwa. Mkunga alisikiliza yote. Aliuliza nani anafua. Mjumbe akasema wana mfuaji, analipwa. Nikamwona Mkunga anaitikia kwa kichwa taratibu kwa namna niliyoijua, ile ya kuona njia inafunguka. Kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, akaiacha hapo magotini, na akanyamaza.

Yule kijana alidhani anajua mikono ile inataka nini. Akatoa bahasha, akaiweka katikati ya viganja.

Mkunga aliitazama bahasha. Aliishika kwa vidole viwili akaiweka juu ya mkeka, mbali na goti lake.

"Huyu ntoto hauzwi," alisema.

"Bibi, si kununua, ni shukurani tu ya malezi..."

"Nkono wangu hauoshwi kwa karatasi. Nenda salama, mwanangu. Wasalimie huko."

Duka lilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Sabuni ilikuwepo, kanga zilikuwepo, nilizipita nilipokuwa nakuja. Neno moja tu kwa yule kijana, "Kaka, nenda pale dukani," lingetosha. Mimi nililijua neno hilo. Sikulisema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli halinipendezi: nilitaka kuona itakuwaje. Nilikaa pale na glavu zangu mapajani kama mtu aliyelipa kiingilio.

Hamisi alimtazama bibi yake, akamtazama mjumbe, akashusha njumu begani. Hakubisha. Mjumbe aliondoka jioni hiyo na beki wetu wa kushoto, mtu wa kawaida kabisa, ambaye nyumba yake ya bati mpya ipo mpaka leo na watoto wake wamesoma.

Msimu uliofuata kiwanda kilisimama. Mashine zilifunikwa maturubai, kisha hata maturubai yakaondoka, na timu ikafa bila mtu kutangaza msiba. Jezi zilibaki kwa mwanamke ambaye zamu yake ilikuwa wiki ile. Alizivalisha wanawe shambani. Hamisi alicheza ndondo, zile mechi za mitaani, mwaka mmoja, miwili, akawa anapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ya watu, halafu akashuka Masasi. Hakugombana na bibi yake. Alimtumia chumvi, alimtumia betri za redio, kila sikukuu alimtumia salamu. Yeye mwenyewe tu ndiye aliyeacha kuja.

Mkunga aliendelea na mpira, lakini kibendera alikiacha. Banda la video lilipofika pale kijijini aliingia mara ya kwanza kwa dharau na mara ya pili kwa kuwahi nafasi. Alikaa. Hilo ndilo lililonishtua, kumwona amekaa. Mabadiliko mengi aliyakubali kwa urahisi ambao sikuutarajia: njumu za rangi, wachezaji Waafrika kwenye timu za Wazungu, hata wanawake wanaochezesha. Kitu kimoja hakukizoea, nacho ni kurudiwa kwa goli. Picha ikianza kwenda polepole aliinamisha uso. "Limeshapita hilo," alisema, "kwa nini wananionyesha tena?" Vijana walimcheka. Mimi sikucheka, maana nami nilikuwa na picha yangu inayojirudia, ya viganja viwili vilivyofunguka.

Mara moja humo bandani alinigeukia. "Siku hizi wanasaini nini?"

"Mkataba, Bibi. Karatasi inayosema yeye atafanya nini na wao watafanya nini."

"Humo ndani kuna sabuni?"

Alisema kwa utani, au nilichagua kusikia utani. Nikahamishwa Masasi mwaka uleule.

Miaka ikapita, nikastaafu. Asubuhi moja nilikuwa stendi ya Masasi nikimsubiri mgeni wangu, jua bado liko nyuma ya majabali, waendesha bodaboda wanagombea abiria, nikamwona anashushwa kutoka kwenye basi la Newala. Kondakta alimshika mkono mmoja, naye kwa mkono wa pili alishika dumu. Alikuwa amepungua sana, mifupa na kanga. Nikamkimbilia.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Nani huyo? Mama Tumaini? Bado unachungulia watu?" Aliniita hivyo tangu nilipomzaa Tumaini.

Nikauliza dumu lina nini. Maji, akasema. Nikamwambia Masasi maji yapo. "Haya ni ya nyumbani," alisema, na kwenye kipindo cha kanga nikaona ncha ya mche wa sabuni. Alitaka nimpeleke kwa Hamisi. Hakikuwa kibarua kigumu, kwa sababu Hamisi alikuwa na pikipiki yake pale pale, kivuli cha pili kutoka kwa muuza vitumbua, na tulimpita kila siku.

Tulikuwa na kama hatua mia za kutembea, na kwa mwendo wake zilikuwa nyingi. Nikaona nisipolisema hapo sitalisema tena.

"Bibi, siku ile ya bahasha. Mimi nilijua anachotakiwa kufanya yule kijana. Nikanyamaza."

Hakusimama. "Najua ulijua. Ulikuwa umekaa mkono wangu wa kulia. Mimi siruhusiwi kuomba, Mama Tumaini. Nilinyoosha mikono nikawa nakusubiri wewe useme."

Nilichukua dumu mkononi mwake nikalibeba.

Hamisi alituona tukiwa mbali, akashuka kwenye pikipiki. Mvi zimemwanzia juu ya masikio. Aliinama akamwamkia, na mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona akipoteza neno alibaki anamtazama miguuni. Viatu vyake vilikuwa vya matairi. Muuza vitumbua alituazima beseni.

"Kaa hapo juu ya pikipiki," Mkunga alimwambia. "Vua viatu. Nimekuja kukuosha miguu."

"Bibi! Watu wanatazama."

"Watazame. Si walikuwa wanatazama zamani? Tanguliza miguu, ndivyo ulivyozoea."

Wenzake wa bodaboda walianza kucheka, halafu wakaacha. Hamisi alikaa. Mimi nilimwaga maji, kidogo kidogo kama yanavyomwagwa huko juu, naye alichuchumaa kwa shida na kumsugua kwa sabuni, wa kushoto kwanza, ule uliokuwa unafunga, katikati ya vidole na kisigino na kovu la mwiba aliomtoa yeye mwenyewe. "Nilikuzuia," alisema huku anasugua. "Ulikuwa na miguu ya kwenda na mimi nikakuzuia kwa ajili ya sabuni. Nisamehe, baba."

Hamisi alikuwa analia bila sauti. Alishuka kwenye pikipiki na miguu yake yenye povu, akapiga goti kwenye vumbi la stendi, akauchukua mche wa sabuni mkononi mwa bibi yake.

"Mama Tumaini," aliniambia, "maji yamebaki?"

Yalikuwa yamebaki.

"Bibi, lete mikono."

Mara hii sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nikamwaga, naye akamnawisha, kiganja kwa kiganja, mpaka kwenye viwiko. Aliporidhika alivua koti lake, maana kanga hakuwa nayo, akamfunika mabegani.

Mkunga aliitazama mikono yake iliyolowa. Aliigeuza juu na chini.

"Haya," alimwambia. "Sasa nenda."

"Niende wapi, Bibi? Nimeshazeeka."

"Popote," alisema. "Mimi nimeshanawa."